Mbwa kameza soksi nzima na anacheza kama kawaida, nisubiri itoke au nimpeleke kwa daktari?

mama_watatu:

Wakuu habari zenu, naombeni msaada kwa yeyote anayejua haya mambo maana hapa nilipo kichwa kinaniuma. Nina mbwa jike anaitwa Chui, ana miezi saba hivi, kilo 12, na huyu mbwa hajawahi kukutana na kitu akakiacha salama. Kandambili, rimoti, miguu ya viti, kona ya godoro, vyote vina alama za meno yake.

Sasa jana jioni nilikuwa nakunja nguo, soksi ya mtoto ikadondoka, akaidaka akakimbilia nayo chini ya kitanda. Watoto wakamfuata wanapiga kelele achia achia, na mimi nyuma yao, mpaka nainama kuchungulia naona ile ncha ya soksi ndo inaishia mdomoni. Kameza nzima. Ni soksi fupi ya mtoto wa miaka miwili, ya pamba, ina ile raba ya kubana juu.

Toka hapo amekunywa maji, asubuhi amekula chakula chote, anarukaruka, na kajisaidia haja kubwa mara moja ila soksi haimo, nimekagua vizuri. Huku kila mtu ana dawa yake, mmoja anasema nimnyweshe maji ya chumvi atapike, mwingine mafuta ya kula ili iteleze, mwingine eti nimtie vidole kooni. Mimi naogopa kugusa chochote kabla sijaelewa. Je nimtapishe? Au itatoka yenyewe? Na nitajuaje kama imekwama? Pia kama kuna mtu anajua hii tabia inaisha lini naomba aniambie maana nampenda sana huyu mbwa.

nesi_wa_mifugo:

Pole sana dada. Nafanya kazi kwenye kliniki ya wanyama, mbwa walomeza vitu nawaona sana, kwa hiyo nikujibu moja moja na naomba usome mpaka mwisho.

Chumvi USIMPE. Kuna watu bado wanaamini hii kitu na inaua. Ile chumvi ikiingia kwenye damu inavuta maji kutoka kwenye ubongo, mbwa anaanza kuyumba, anapata degedege, na hapo sasa unakuwa na tatizo kubwa kuliko soksi. Vidole kooni navyo hapana, mbwa hatapiki kirahisi kwa njia hiyo, utamchubua koo na yeye atakung'ata kwa woga. Mafuta ya kula hayasukumi kitambaa popote, na ukimnywesha kwa nguvu akapaliwa yanaingia mapafuni na kuleta nimonia. Kuna na ile dawa ya kusafishia vidonda, haidrojeni peroksaidi, utasikia watu wanaitaja, nayo usimpe kwa akili yako, inaunguza ukuta wa tumbo, na hata daktari akiamua itumike ni yeye anasema kiasi gani kulingana na uzito.

Sasa hilo la kwamba anakula na anacheza. Nafurahi kusikia, ila lisikutulize kabisa. Soksi ikiwa bado iko ndani ya tumbo lenyewe haijaziba kitu, mbwa anaweza kuishi nayo siku kadhaa, hata wiki, anakula na anatikisa mkia. Shida inaanza siku ikishuka na kuingia utumbo mwembamba, pale njia ni nyembamba na soksi iliyolowa maji imevimba na kujikunja, inakaa pale pale. Utumbo unaendelea kuisukuma, haiendi, damu inaacha kupita vizuri kwenye ile sehemu, nyama inaanza kufa, ikitoboka uchafu wote unamwagika ndani ya tumbo. Hapo unapigania uhai.

Kwa hiyo piga simu kwa daktari wa mifugo leo hii hii, usisubiri aanze kuumwa. Sumu na chakula kwa kawaida vinaanza kushuka toka tumboni ndani ya saa 2 hivi, ila nguo huwa inakaa muda mrefu zaidi, ndo maana hata kama ilikuwa jana daktari bado anaweza kuamua kumtapisha kwa sindano pale pale kliniki akiwa anamwangalia. Ikishashuka nafasi hiyo imekwisha, inabaki kusubiri au operesheni.

Ukipiga simu sema uzito wake, saa aliyomeza, soksi ya kitambaa gani na ukubwa wake. Na tafadhali nenda na ile soksi pacha yake iliyobaki. Hii watu hawaifikirii lakini inatusaidia mno, daktari akiishika mkononi anajua mara moja anatafuta kitu cha unene gani. Eksirei inaonyesha vyuma na mifupa vizuri, kitambaa na plastiki mara nyingi havionekani wazi, daktari anasoma jinsi hewa ilivyokaa kwenye utumbo au anatumia ultrasaundi.

Na kabla ya kwenda usimpe chakula mpaka daktari akuambie, maana kama itabidi alazwe kwa nusu kaputi tumbo lililojaa ni hatari.

mzee_wa_banda:

Mimi nafuga mbwa toka ujana wangu na naomba nitofautiane kidogo na huyo nesi. Mbwa wangu mkubwa alimeza soksi ya mtu mzima, na ikatoka nyuma yenyewe, hakuna sindano wala nini. Ukimbizane na daktari kwa kila kitu anachomeza mbwa utakuwa unalala huko kliniki. Mpe siku mbili tatu, mpe chakula laini, kila akijisaidia chukua kijiti upekue. Ikitoka imetoka.

nesi_wa_mifugo:

Shikamoo mzee wangu. Sikatai, nyingine zinatoka zenyewe kabisa, na kuna wakati daktari mwenyewe anasema tusubiri. Ila naomba niulize, huyo mbwa wako alikuwa kilo ngapi?

mzee_wa_banda:

Marahaba. Alikuwa mkubwa, arobaini na kitu.

nesi_wa_mifugo:

Basi ndo tofauti yenyewe mzee. Kitu kinachopita kwa mbwa wa kilo 40 kinakwama kwa wa kilo 12, na kwa mbwa wa kilo 4 hata kokwa la tunda au kipande cha gunzi la mahindi kinatosha kuziba. Kusubiri ni sawa kama daktari kashamgusa tumbo, kajua kilichomezwa, na kasema subiri. Kusubiri kwa kukisia ndo siungi mkono.

Na kwa dada na wengine wote, hizi ndo dalili ambazo ukiziona husubiri kukuche: anatapika tena na tena hasa akitapika hata maji aliyokunywa, kagoma kula, mate yanachuruzika, kalegea, anajikamua haja haitoki, au anatoa kidogo yenye damu. Tumbo likimuuma utaona anainamisha kifua na miguu ya mbele mpaka chini huku nyuma kanyanyua, anakaa hivyo kwa muda, anabadilisha, anarudia. Mbwa anayecheza pia huinama vile vile lakini mkia unatikisika na anaruka baada ya sekunde, ukimwangalia machoni utajua tu. Fizi zikiwa nyeupe badala ya pinki usiulize mtu, nenda.

baba_jeni:

Naomba kuongezea kitu maana hapa tunaongea soksi tu na kuna vitu vingine ambavyo hakuna kusubiri hata kidogo, na vyote viko ndani ya nyumba zetu.

Zile betri ndogo za duara za saa na rimoti za gari. Ikinasa kwenye koo la chakula inapitisha umeme kwenye ule unyevu na kutengeneza kemikali kali inayounguza nyama, inaanza ndani ya dakika 15 hadi 30. Hata betri unayodhani imekwisha bado ina moto wa kutosha kuunguza. Na kwa betri usimtapishe, maana inapita tena pale pale kwenye koo. Dada wewe umetaja rimoti, hebu hesabu betri zake kama zipo zote, hizi ndefu nazo akizitoboa kwa meno ile maji ya ndani inachoma mdomo na vidonda vinaweza kuonekana masaa kadhaa baadaye.

Sumaku. Moja inaweza kupita, mbili au sumaku na kipande cha chuma ni balaa, zinavutana kila moja ikiwa kwenye kipande chake cha utumbo, zinabana ukuta katikati mpaka unatoboka.

Uzi, kamba, utepe, nyuzi za zulia, soksi ndefu za kike. Hii ndo mbaya kuliko watu wanavyofikiria. Ncha moja inanasa, labda chini ya ulimi au tumboni, sehemu iliyobaki inashuka, na utumbo unajikusanya juu ya ule uzi kama kiuno cha suruali unapovuta kamba yake, kisha uzi unaanza kukata kama msumeno. Kwa hiyo ukiona uzi unaning'inia mdomoni au nyuma USIVUTE na usimwache aendelee kuumeza, mpeleke hivyo hivyo. Niliona kwa macho yangu mbwa wa ndugu yangu, uzi ulikuwa unaonekana nje kidogo tu na kila mtu anataka kuvuta, daktari alipofungua tumbo uzi ulikuwa mrefu sana na utumbo umejikunja mikunjo mikunjo, kuvuta kungemuua.

Gundi ile inayoumuka ikikutana na unyevu, ikishuka tumboni inaumuka na kuwa donge gumu linalojaza tumbo lote, halitoki bila kupasua. Pampasi na sponji nazo zinavimba zikinyonya maji.

Vyenye ncha, sindano, ndoano, vipande vya kioo, mfupa uliopikwa unaopasuka vipande vikali, hivi usitapishe hata kidogo, vikirudi juu vinachana koo. Mafuta ya taa, petroli, dawa za kuzibulia mabomba, hivyo pia usitapishe.

neema_k:

Samahani kuingilia mada ya mtu ila na mimi nina la kwangu, mbwa wangu katafuna pakiti ya vidonge vya maumivu, ibuprofeni, sijui kameza vingapi, naona pakiti tu imetobolewa. Yuko sawa sa hivi. Hii nayo ni ya haraka au?

nesi_wa_mifugo:

Neema acha kusoma hapa piga simu SASA HIVI. Ibuprofeni na diklofena kwa mbwa zinatoboa tumbo vidonda na kuharibu figo, na dalili zinaweza kuchelewa wakati madhara yameshaanza. Chukua ile pakiti, hesabu matundu, soma miligramu zilizoandikwa, nenda navyo. Kama hujui kameza vingapi chukulia kameza vyote vilivyokosekana.

Na kwa wengine, sumu ambazo mbwa anaonekana mzima wakati ndani anaharibika ni hizi za kukumbuka: sumu ya panya ile inayozuia damu kuganda, kutokwa damu huanza baada ya siku 3 hadi 5, na ukiwahi kuna vitamini K inayomwokoa. Chingamu na dawa ya meno zisizo na sukari ya kawaida, angalia kama imeandikwa xylitol, ule utamu wa badala ya sukari, sukari ya damu ya mbwa inaweza kuporomoka ndani ya nusu saa hadi saa moja na ini linaweza kufa. Sarafu na vifaa vyenye zinki, asidi ya tumbo inaiyeyusha na zinki inavunja chembe nyekundu za damu. Kwa sumu, muda ndo dawa yenyewe.

neema_k:

Nimepiga, wamesema nije, niko njiani. Asante sana.

dereva_07:

Na akikabwa je? Maana yangu hapa anapenda kubeba mipira midogo, nina hofu siku moja itamkwama.

nesi_wa_mifugo:

Kukabwa ni kitu kingine kabisa, hapo hakuna muda wa kupiga simu kwanza. Akiwa anakohoa na hewa inapita, mwache akohoe, mpeleke. Akiwa hapumui, anakwaruza mdomo kwa miguu, ulimi unakuwa wa bluu, fungua mdomo uangalie, ukikiona kitu na unaweza kukishika kitoe, ila usiingize kidole bila kuona maana utakisukuma ndani zaidi. Mbwa mdogo mkamate mgongo wake uegemee kifua chako, kichwa chini, umbonyeze chini ya mbavu kama wa mkubwa ila kwa nguvu ndogo. Mkubwa simama nyuma yake, zungusha mikono tumboni, ngumi moja pale chini tu ya mbavu zinapoishia, bonyeza kwa nguvu na haraka kuelekea ndani na mbele, mara kadhaa, kisha angalia mdomo tena. Hata kitu kikitoka mpeleke akaangaliwe, koo huvimba baadaye.

Na huo mpira kama unaingia wote mdomoni ni mdogo, toa.

Waya wa umeme ndo nimesahau. Ukimkuta kautafuna usimguse kabla hujachomoa au kuzima swichi kubwa. Hata akiamka na kutembea, mapafu yanaweza kujaa maji masaa kadhaa baadaye.

mama_watatu:

Wakuu nimerudi. Nilipiga simu kama nesi alivyosema, wakaniambia nije na nisimpe kitu. Nilienda na soksi pacha mfukoni na kweli daktari kitu cha kwanza aliomba kuiona! Akamminya minya tumbo, akapiga ultrasaundi, akasema iko bado tumboni haijashuka. Akamchoma sindano, hazikupita dakika nyingi akaanza kutapika, na soksi ikatoka nzima, imejikunja donge, na ndani yake kuna kipande cha kandambili cha bluu ambacho hata sikujua kameza lini. Mungu ni mwema jamani. Amesema nimwangalie siku chache, chakula kidogo kidogo.

Mzee wa banda nashukuru na wewe, nimekuelewa, ila kwa huyu wangu kilo 12 nimeona bora nilivyoenda. Betri za rimoti nimehesabu ziko zote.

Sasa nisaidieni hilo la pili. Hii tabia naizuiaje?

mzee_wa_banda:

Hongera sana mama. Kipande cha kandambili hicho ndo kimenifunga mdomo, hukukijua kabisa na kilikuwa humo. Nimejifunza.

mwalimu_wa_mbwa:

Hongera dada. Mimi kazi yangu ni kufundisha mbwa, ngoja nikae hapa kidogo maana hapa ndo mzizi wa yote.

Kwanza, kutafuna sio ubaya wa mbwa. Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utoto, yanaanza kung'oka akiwa na miezi mitatu minne, na kufika miezi sita saba anakuwa na meno 42 ya ukubwa. Fizi zinawasha kipindi chote hicho. Chui wako meno kamaliza au anamalizia, ila hamu ya kutafuna kwa kijana wa umri wake inaendelea mpaka mwaka na zaidi, hivyo usitegemee iishe wiki ijayo.

Pili na ndo kubwa kuliko zote, kutafuna ni kitu kimoja na kumeza ni kingine. Mbwa wengi wanabeba soksi, wachache wanameza, na wengi wa hao wanaomeza wamefundishwa kumeza bila mtu kukusudia. Angalia ilivyokuwa: kaokota, watu wote wakamkimbiza na kelele. Kwa akili yake ile soksi imekuwa mali ya thamani inayotaka kuporwa, na mahali pekee ambapo hamuwezi kumpora ni tumboni. Kila ukimfukuza anajifunza kumeza haraka zaidi. Kwa hiyo watoto waambie, Chui akichukua kitu hakuna kukimbia, hakuna kelele, mtu mmoja tu mkubwa anashughulika.

Anashughulika vipi? Unaenda upande mwingine kama huna habari naye, unatikisa kopo la kitu anachokipenda, anakuja mwenyewe. Unamwekea kipande kizuri puani, akifungua mdomo unasema achia, anakula, wewe unachukua soksi kimya kimya. Usifundishe hili siku ya hatari. Fundisha kila siku kwa vitu visivyo na maana, kidoli chake mwenyewe, mwambie achia, mpe kitamu, KISHA MRUDISHIE KIDOLI. Hapo kwenye kurudisha ndo watu wanapakosea. Akijua kuachia sio kupoteza ataachia hata mfupa.

Nyumba nayo isimtege. Kapu la nguo chafu liwe na mfuniko, viatu juu, debe la taka lifungike. Ukitoka nyumbani na hakuna wa kumwangalia akae sehemu moja ndogo isiyo na vitu, sio nyumba nzima.

Cha kutafuna apewe, lakini kisiwe kigumu kupita kiasi. Kipime kwa ukucha, kibonyeze, kama ukucha hauachi alama ni kigumu kwa meno yake, pembe na mifupa mikavu inavunja yale magego makubwa ya juu. Kiwe kikubwa kuliko mdomo wake, na kikishaanza kumeguka vipande kitupe siku hiyo hiyo.

Alafu angalia anatafuna saa ngapi. Kama ni ukitoka tu, na unakuta mlango umekwaruzwa na kakojoa, huyo anateseka kwa kuachwa peke yake, hapo kelele na viboko vinaongeza woga. Kama ni jioni mkiwa mmekaa, huyo hajachoka, matembezi hayajatosha, mpe na kazi ya kichwa, chakula chake mfichie akitafute kwa pua. Na kama anameza vitu visivyo chakula kila mara, mawe, udongo, vitambaa, muulize daktari ampime minyoo, damu na tumbo, maana kuna magonjwa yanayomsukuma mbwa kula visivyoliwa na mafunzo peke yake hayatibu.

mama_watatu:

Hilo la kurudisha kidoli sikuwahi kulifikiria kabisa, sisi tukimnyang'anya tunaficha moja kwa moja. Naanza leo na ile kamba yake ya kuchezea.

mwalimu_wa_mbwa:

Anza na kitu kingine dada. Kamba zile zikishachanika anameza nyuzi, na baba Jeni ameshaeleza nyuzi zinafanya nini. Kamba cheza nayo ukiwa umeshika ncha ya pili, ukimaliza iweke juu. Kwa achia tumia kidoli cha mpira kinachobonyea, vipindi vifupi vya dakika mbili tatu kabla ya chakula akiwa na njaa kidogo, na mtoto mkubwa akae karibu akuone unavyofanya ila asishike bado.

neema_k:

Naleta mrejesho, wamemtapisha, vimetoka vidonge vitatu na nusu, amewekewa dripu analala huko mpaka kesho, watampima figo asubuhi. Asanteni sana, hasa nesi.

nesi_wa_mifugo:

Vizuri sana Neema. Waulize pia kama kuna dawa ya kulinda tumbo utakayoendelea nayo nyumbani, na ukimrudisha angalia rangi ya kinyesi, ikiwa nyeusi kama lami mrudishe haraka, hiyo ni damu ya tumboni.